Swali la Nane

Saa tatu kasorobo mtoto wa mwisho kashuka.
Nazunguka nyuma ya kanisa la Kilutheri
na kuliegesha basi namba thelathini na moja,
pua yake ikielekea ziwani.
Ziwa limeganda. Duluth yote imeganda.
Waipa zimeng'ang'ania kioo kama kupe.

Mpaka saa nane mchana, basi hili ni chuo.
Viti arobaini na nane, mwanafunzi mmoja,
miaka hamsini na mbili, soksi jozi mbili,
simu imeegemea usukani,
chupa ya chai katikati ya magoti.
Injini siruhusiwi kuiwasha: dizeli ya wilaya
haichomwi kwa mitihani ya Marlys Hedstrom.
Najifunika koti la marehemu baba, nasoma.

Mwalimu wetu, Bi. Okerlund, sijapata kumwona miguu.
Ni kichwa, mabega, na paka
anayekatiza nyuma yake kila tukifika kwenye ushahidi.
Anasema: msaidizi wa wakili si wakili.
Hashauri. Hasimami mbele ya jaji.
Anasoma. Wenzake wote wakichoka,
yeye bado anasoma.
Nikacheka peke yangu. Hiyo kazi naiweza,
mimi niliyesoma mpaka maandishi ya pakiti za sabuni
miaka ile yote nikingoja mtu arudi nyumbani.

Wiki ya sita alitaka hati. Hati halisi, majina yafichwe.
Nilikuwa nayo moja,
chini ya sanduku la mapambo ya Krismasi.
Kurasa kumi na nne. Nilizitia saini zote
Jumanne moja, mtoto analia begani,
kwa kalamu niliyoazimwa na wakili wa Curt.
Hapa, mama. Na hapa. Na hapa, halafu umemaliza.
Nikamaliza kweli.

Ukurasa wa kumi na moja, aya ya nne, nyuma:
mke anaachilia sehemu yake yote
ya pensheni ya kiwanda cha karatasi.

Kiwanda cha karatasi! Miaka tisa nilifua
ovaroli zile, zinanuka kabichi iliyooza.

Kesho yake, jaribio. Swali la nane:
kuachilia haki maana yake nini?
Nikaandika, vidole vimekufa ganzi:
ni kuiacha kwa hiari haki unayoijua kuwa ni yako.
Simu ikanipa tiki ya kijani.
Nikabaki naitazama, chai inapoa.
Unayoijua.

Nilimwandikia mwalimu kuhusu mteja fulani, wa kubuni.
Akajibu: mteja huyo amechelewa miaka mingi mno,
lakini hilo si la kumwambia wewe,
mpeleke kwa wakili.
Kisha chini kabisa, mstari peke yake:
Pole sana, Marlys.

Sikulia. Au nililia kidogo tu, baridi ikayapangusa.
Nikaichukua kalamu nyekundu
nikapigia mstari aya ya nne,
nikaandika pembeni, kama tulivyofundishwa,
tarehe, na jina la aliyesoma.

Saa nane kasoro dakika kumi, naunguruma hadi shuleni.
Tobin Aho wa darasa la tatu ananiletea fomu,
safari ya makumbusho ya meli.
Mama yuko zamu, anasema. Niwekee wewe jina.
Siwezi, Tobin. Mpelekee mama, mwambie aisome.
Ni ukurasa mmoja tu!
Geuza, nikamwambia.

Akageuza. Nyuma, herufi kama sisimizi.
Akaketi kiti cha kwanza, akaanza kwa sauti,
silabi moja, silabi nyingine, anakwama, anarudi,
na mimi nikaushuka mlima kwa gia ya pili,
magari yanapiga honi nyuma yetu,
mpaka afike kwenye nukta.